Chikungunya: homa iliyopewa jina Newala

Neno chikungunya limetoka katika Kimakonde. Asili yake ni kitenzi kungunyala, yaani kukauka na kujikunja. Wamakonde wa Newala waliuita hivyo ugonjwa uliowakunja watu miili: mgonjwa hutembea ameinama, mkono mmoja ameuegemeza gotini, mgongo haunyooki na vidole havikunjuki. Leo jina hilo huandikwa vilevile katika vitabu vya tiba vya Ufaransa, Brazili, India na Japani, na wengi wanaolitamka hawajui kwamba ni neno la kusini mwa Tanzania. Magonjwa mengi yamepewa majina ya wataalamu walioyachunguza, au ya mito na misitu yalikoonekana mara ya kwanza. Huu ulipewa jina na wagonjwa wenyewe, na neno lao moja linabeba kile ambacho daktari hukieleza kwa ukurasa mzima.

Mlipuko ulioufanya ugonjwa huu ujulikane ulitokea mwaka 1952 na 1953 katika Jimbo la Kusini la Tanganyika, juu ya Uwanda wa Makonde, uliko Newala, kati ya Mto Ruvuma na Mto Lukuledi. Marion Robinson, aliyewaona wagonjwa, alieleza homa inayomwingia mtu ghafla pamoja na maumivu makali ya viungo. Mtu alikuwa mzima asubuhi, akienda shambani kama kawaida. Kabla jua halijatua alikuwa amelala chini, hawezi kujigeuza bila kusaidiwa. Baada ya siku chache homa ilishuka na vipele vikatoka mwilini, lakini viungo havikuwa na haraka ya kupona. Vifundo vya miguu, magoti, viwiko na vidole viliendelea kuuma kwa wiki nyingi, na kwa baadhi ya watu kwa miezi. Kwa mkulima wa jembe la mkono, msimu mzima ulikuwa umepotea.

Mtafiti wa maabara ya Entebbe, Uganda, W. H. R. Lumsden, alifuatilia namna homa hiyo ilivyoenea, na kazi yake pamoja na ya Robinson ilichapishwa mwaka 1955. Jambo kubwa alilolitazama lilikuwa maji. Uwanda wa Makonde una udongo wa kichanga unaonyonya mvua yote, na juu yake hakuna mto wala kijito. Vijiji vilikuwa juu na chemchemi zilikuwa chini mabondeni, kwa hiyo wanawake walishuka na kupanda genge kwa miguu, ndoo au mtungi kichwani, kwa safari iliyoweza kumaliza sehemu kubwa ya siku. Maji yaliyopatikana kwa taabu namna hiyo hayamwagwi. Yaliwekwa ndani ya nyumba, kwenye mitungi, na mtungi ulijazwa kabla haujakauka.

Ndani ya mitungi hiyo aliishi mbu aitwaye Aedes aegypti, mweusi, mwenye madoa meupe miguuni. Ni mbu wa nyumbani hasa. Hahitaji dimbwi wala kinamasi, maji safi ya kunywa yanamtosha. Jike hutaga mayai ukutani mwa chombo, juu kidogo ya usawa wa maji, yakashikamana pale kama chembe za masizi. Maji yakipungua, mayai hukauka yakabaki hai kwa miezi kadhaa. Chombo kikijazwa tena, hulainika, viluwiluwi vikatoka, na baada ya wiki moja au zaidi kidogo mbu wapya huruka. Ndiyo maana kumwaga maji peke yake hakusaidii sana: kuta za mtungi zinahitaji kusuguliwa. Tena mbu huyu huuma mchana, hasa asubuhi na jioni, saa ambazo hakuna mtu aliye ndani ya chandarua. Waliopata homa Newala hawakuipata kwa uchafu. Waliipata kwa sababu ya kiu, na kwa bidii ya kutunza maji yao.

R. W. Ross, naye wa maabara ya Entebbe, alichukua damu ya wagonjwa na mbu waliokamatwa katika eneo la mlipuko, akawachanja panya wachanga. Alichokipata hakikuwa bakteria wala kimelea cha malaria, bali kirusi, na taarifa yake ilitoka mwaka 1956. Kirusi hicho leo kinajulikana kuwa cha kundi la alfavirusi. Vinasaba vyake ni uzi mmoja wa RNA wenye herufi 12,000 hivi, na ndani ya uzi huo mfupi mna maelekezo yote ya kuiteka seli ya binadamu na kuilazimisha izae virusi vingine.

Hata hivyo pwani ilikuwa imeijua homa inayofanana nayo zaidi ya karne moja kabla ya Newala. James Christie, daktari aliyefanya kazi Zanzibar, alieleza mlipuko wa mwaka 1870 kisiwani humo, na wazee wakamsimulia mwingine wa mwaka 1823. Waliuita kidinga pepo. Christie aliamini kwamba jina hilo lilivuka bahari hadi visiwa vya Karibi, ambako homa ya aina hiyo ilizuka mwaka 1827, na kwamba huko Wahispania waliligeuza likawa dengue. Kwa Kiswahili cha leo dengue yenyewe huitwa kidingapopo. Mwaka 1971 mtafiti Donald Carey alizirudia taarifa hizo za kale akaona jambo: maumivu ya viungo yaliyoelezwa Zanzibar yalidumu mno kuwa ya dengue. Alitoa hoja kwamba milipuko kadhaa ya zamani iliyohesabiwa kuwa dengue, pamoja na ile ya Batavia ya mwaka 1779, ilikuwa chikungunya. Kama hoja yake ni sahihi, na ina nguvu, basi jina la Waswahili lilichukuliwa na ugonjwa mwingine, na wa kwao ukakaa bila jina katika vitabu hadi Wamakonde walipoupa lao.

Kirusi kina ndugu wa karibu sana. Mwaka 1959 homa ya viungo ilizuka kaskazini mwa Uganda, na Waacholi wakaiita o'nyong-nyong, yaani kulegea kwa viungo. Ilishuka hadi Kenya na Tanganyika, ikawapata watu wapatao milioni 2. Kirusi chake husafirishwa na mbu wa Anopheles, walewale wanaoeneza malaria, jambo lisilo la kawaida kwa virusi vya mbu. Mlipuko ulipoisha, ugonjwa huo ulitoweka karibu kabisa hadi ulipoonekana tena mwaka 1996 kusini mwa Uganda.

Kutoweka namna hiyo ni tabia ya chikungunya pia. Makao yake ya asili Afrika ni misituni, ambako mbu wa porini hukihamisha kirusi kati ya nyani na wanyama wengine, na mara mojamoja kikamfikia binadamu. Kikiingia mjini huwapiga watu wengi kwa muda mfupi, na aliyepona hubaki na kinga ya miaka mingi. Mbu wanapokosa damu mpya ya kuambukiza, mlipuko hufa. Kirusi kilitambuliwa Bangkok mwaka 1958, kikafika Calcutta mwaka 1963, na baada ya milipuko ya miaka iliyofuata India ikakaa takriban miaka 30 bila kukisikia. Katika miaka hiyo kizazi kizima kilizaliwa bila kinga, na madaktari vijana walimaliza masomo bila kumwona mgonjwa hata mmoja.

Kilirudi kupitia Lamu, pwani ya Kenya. Kuanzia Mei 2004 watu wa mji huo wa kale walianza kuugua homa na viungo, na kilele kikafika Julai. Wengi walidhaniwa kuwa na malaria, kama ilivyo desturi ya pwani kwa kila homa, lakini dawa za malaria hazikuwasaidia. Uchunguzi wa damu ndio uliotaja chikungunya. Baadaye wataalamu walipima kingamwili za wakazi wakakuta kwamba watu 75 katika kila 100 walikuwa wameambukizwa, yaani wapatao 13,500 katika mji wa watu 18,000 hivi. Hayakuwa mafuriko yaliyoleta mbu. Pwani ilikuwa na ukame usio wa kawaida, na maji yalihifadhiwa majumbani kwenye mapipa na mabirika, siku nyingi bila kubadilishwa. Ilikuwa habari ya Newala tena, miaka 52 baadaye: maji ni adimu, chombo kimejaa, mbu yumo ndani.

Kutoka Lamu ugonjwa ulionekana Mombasa mwishoni mwa mwaka huo, na mapema mwaka 2005 ukafika Ngazija katika Visiwa vya Komoro, ambako zaidi ya nusu ya watu waliambukizwa. Ukapita Mayotte, kisha ukafika Réunion, kisiwa kilicho chini ya Ufaransa. Huko mambo yaligeuka. Réunion haina Aedes aegypti wengi. Mbu aliyetawala ni Aedes albopictus wa Asia, mwenye mstari mweupe mgongoni, na yeye hakuwa msafirishaji hodari wa kirusi hiki. Katikati ya mlipuko kirusi kikabadilika. Mahali pa 226 katika protini mojawapo ya ganda lake palikuwa na alanini, ikaondoka, na valini ikakaa mahali pake. Badiliko hilo dogo lilikiwezesha kustawi zaidi ndani ya utumbo wa albopictus kuliko awali. Mwanzoni mwa mwaka 2006 wiki moja ilileta wagonjwa wapya zaidi ya 40,000, na mlipuko ulipokwisha watu wapatao 266,000, mmoja katika kila watatu, walikuwa wameugua. Ugonjwa uliosemwa kuwa hauui ulihusishwa na vifo zaidi ya 200, vingi vikiwa vya wazee na watu wenye maradhi mengine. Madaktari wa huko pia ndio walioonyesha wazi kwamba mama mwenye kirusi damuni wakati wa kujifungua anaweza kumwambukiza mtoto, na kwamba watoto hao wachanga huweza kudhurika ubongo.

Mwaka huohuo India iliripoti wagonjwa zaidi ya milioni moja. Mwaka 2007 msafiri aliyetoka India alikipeleka kirusi kaskazini mwa Italia, na zaidi ya watu 200 wa vijiji vya huko wakaugua bila kuondoka makwao, kwa kuwa albopictus alikuwa ameshahamia Ulaya. Desemba 2013 kirusi kilionekana katika kisiwa cha Saint Martin, Karibi, na kabla mwaka 2014 haujaisha bara la Amerika lilikuwa na wagonjwa waliodhaniwa zaidi ya milioni. Kenya ilipigwa tena Mandera mwaka 2016, na Mombasa mwishoni mwa mwaka 2017. Réunion ilipata mlipuko mwingine mkubwa mwaka 2025, na katikati ya mwaka huo maelfu waliugua mjini Foshan, China.

Kinachobaki mwilini baada ya homa ndicho kinachowashughulisha watafiti zaidi. Kirusi huingia kwa mate ya mbu, na baada ya siku 3 hadi 7 huwa tele katika damu. Kinga ya mwili hukishinda damuni kwa muda wa wiki moja hivi. Viungoni hali ni nyingine: chembe za kinga humiminika kwenye utando wa kiungo, utando huvimba, na masalia ya kirusi yamewahi kukutwa humo miezi mingi baada ya homa. Mgonjwa huamka asubuhi vidole vimekakamaa, hawezi kufunga kifungo cha shati wala kukamua nguo hadi saa moja au mbili zipite. Kwa macho ya daktari huo ni mfano halisi wa baridi yabisi, ugonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia viungo vya mwili wenyewe kana kwamba ni adui. Tofauti huonekana maabara, kwa kuwa kingamwili ambazo ni alama ya baridi yabisi kwa kawaida hazipatikani katika damu ya mgonjwa wa chikungunya. Kama maumivu hayo ni mabaki ya vita na kirusi, au kinga imejisahau ikaendelea kupigana na mwili, bado wataalamu wanabishana. Kwa anayeumwa, tofauti hiyo si ya kinadharia, maana dawa za kutuliza kinga humfaa mtu ambaye kirusi kimeshamtoka, na zaweza kumdhuru ambaye bado anacho.

Hakuna dawa inayoua kirusi hiki. Antibiotiki huua bakteria na hapa hazina kazi, ingawa huuzwa kila siku kwa wenye homa. Klorokwini ilijaribiwa Réunion mwaka 2006 bila mafanikio. Mgonjwa hupewa maji, mapumziko na parasetamoli; aspirini na jamaa zake huepukwa hadi ithibitike kwamba hana dengue, kwa hofu ya kuvuja damu. Kwa viungo vinavyouma miezi mingi baadhi ya madaktari hutumia methotreksati, dawa ya baridi yabisi, ijapokuwa ushahidi wake bado ni mdogo. Kuitambua chikungunya nako si rahisi: siku za mwanzo inatakiwa maabara inayoweza kusoma vinasaba vya kirusi, baadaye kipimo cha kingamwili, na zahanati nyingi za Afrika Mashariki zina kipimo cha malaria tu.

Chanjo ya kwanza iliidhinishwa Marekani Novemba 2023, miaka 71 baada ya Newala. Ilitengenezwa kwa kirusi hai kilichodhoofishwa, na ilipotumika Réunion mwaka 2025 wazee kadhaa walipata madhara makubwa. Agosti mwaka huo Marekani ikasimamisha leseni yake. Chanjo ya pili, iliyoidhinishwa Februari 2025, hutumia ganda tupu la kirusi lisilo na vinasaba ndani, hivyo haliwezi kuzaliana mwilini. Zote mbili zilianza kuuzwa katika nchi tajiri, hasa kwa wasafiri wanaokwenda kwenye nchi zenye mbu.