Kunakili wimbo si kama kuiba mbuzi, lakini kuna anayeumia

Unafika kwenye kibanda Chamwino, unamwachia fundi memori kadi, dakika chache baadaye unaondoka na nyimbo 100. Fundi bado anazo nyimbo zake, na msanii naye bado ana wimbo wake. Sasa kosa liko wapi?

Je, ni wizi?
Kwa Kanuni ya Adhabu (Sura ya 16), kuiba ni kuchukua kitu cha mtu bila haki, kwa nia ya kumkosesha kabisa. Ukiiba mbuzi wa jirani, zizi linapungua. Ukinakili wimbo, hakuna kinachopungua.

Ndiyo maana suala hili lina sheria yake: Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya 1999. Inamlinda mtunzi, aamue nani anakili na nani auze kazi yake.

Haki inadumu muda gani?
Inaanza kazi inapotungwa, hata kama haijasajiliwa Cosota. Inadumu maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo. Nyimbo alizotunga Hukwe Zawose, gwiji wa muziki wa Kigogo aliyefariki Desemba 2003, zinalindwa hadi 2053.

Mteja na fundi ni sawa?
Hapana. Sheria inaacha nafasi, kwa mipaka yake, ya kunakili kwa matumizi binafsi. Fundi anafanya biashara. Akisema "sijachukua kitu cha mtu", swali ni moja: mteja analipia nini? Umeme unalipiwa, fundi analipwa, mtunzi peke yake hana fungu.

Si anatangazwa?
Kweli, wimbo ukisambaa msanii anaweza kuitwa kwenye harusi na matamasha. Kwa wasio na bando, kibanda ndiyo njia rahisi ya kuupata. Lakini kutoa kazi bure ni uamuzi wa mwenye kazi. Wapo wanaoziweka bure mtandaoni kwa hiari yao.

Na ngoma za asili?
Muheme ya Wagogo haina mtunzi mmoja. Kuicheza kwenye sherehe za kijiji hakuna tatizo. Anayetaka kuitumia kibiashara nje ya mazingira yake ya jadi anahitaji kibali cha Baraza la Sanaa la Taifa (Basata).

Kwa hiyo kabla ya kutoa memori kadi, usiulize tu kama kuna kilichopotea. Uliza pia: hela hii inamfikia nani?