Tepe na Kaburi: Utani kama Msingi wa Udugu wa Askari Wastaafu, Kilosa na Mikumi

Tangu Terence Ranger achapishe kitabu chake kuhusu ngoma ya beni mwaka 1975, wanahistoria wa Afrika Mashariki wamekubaliana juu ya mambo mawili. La kwanza ni kwamba vyama vya beni, vilivyokuwa na vyeo vya kijeshi, sare, tepe na nishani za kujitungia, havikuwa uigaji mtupu wa Wazungu. La pili ni kwamba mashindano ya vyama hivyo yalizaliwa katika miji ya pwani, hasa Lamu na Mombasa, ambako mitaa ilishindana kwa ngoma na karamu hata kabla ya tarumbeta la kwanza kupulizwa. Jambo la kwanza sina ugomvi nalo. La pili linatosha kueleza pwani, lakini likifika bara linapwaya. Mvidunda, Msagara au Mkaguru aliyerudi kutoka vitani hakukulia katika mitaa ya Lamu. Kama beni ilimvuta, ilimvuta kwa sababu ilijibu haja aliyokuwa nayo nyumbani.

Makala haya yanadai kwamba katika Wilaya ya Kilosa, Mikumi ikiwemo, haja hiyo ilikuwa ya kuzikana, na kwamba lugha ya kuisemea ilikwisha kuwepo: utani. Tepe begani mwa mwanachama wa beni zilitangaza deni alilokubali kulibeba kwa wenzake. Tukizisoma hivyo, mila za askari wastaafu zinapata asili ya ndani ambayo masimulizi ya pwani yameifunika.

Wasomi waliotangulia

Maofisa wa Kiingereza waliochunguza beni mwishoni mwa Vita Kuu ya Kwanza walihofia njama. Waliona vyama vya beni vya Marini na Arinoti vikienea kutoka kambi moja hadi nyingine, vikiwa na Kingi, Gavana na Jenerali wao, wakadhani ni serikali ya siri. Hofu hiyo haihitaji kujibiwa tena. Kinachohitaji jibu ni maelezo ya wasomi waliowafuata.

J. Clyde Mitchell, katika utafiti wake wa ngoma ya kalela huko Rhodesia ya Kaskazini uliochapishwa mwaka 1956, aliikaribia hoja yangu kuliko mtu yeyote. Aliona mavazi nadhifu ya wachezaji pamoja na vyeo vya mfalme, daktari na muuguzi. Aliona pia kwamba nyimbo zao zilijaa mizaha baina ya makabila, na akaihusisha mizaha hiyo na utani. Hata hivyo aliyatenga mambo hayo mawili: mavazi aliyaeleza kwa hadhi ya maisha ya Kizungu, na mizaha akaieleza kwa ukabila wa mjini. Mgawanyo huo ndio ninaoupinga. Mwenye cheo na mwenye kutania ni mtu yule yule, katika ngoma ile ile, na wajibu wake ni mmoja.

Ranger naye anazitaja huduma za kusaidiana: kumpokea mgeni, kumuuguza mgonjwa, kumzika maiti. Lakini kwa usomaji wangu anaziweka pembeni, kama faida iliyofuatana na mashindano. Michelle Moyd, aliyeandika mwaka 2014 juu ya askari wa jeshi la Wajerumani, anatupa njia bora zaidi. Anaonyesha kwamba askari hao walitafuta kuwa wakubwa wenye kaya, wafuasi na heshima. Katika jamii zetu ukubwa wa namna hiyo huthibitishwa kwa kutoa. Bahati mbaya anaishia pale jeshi linapoishia, na maswali yangu yanaanzia hapo.

Kilosa kama njia ya vita

Mazingira ya Kilosa hayahitaji maelezo marefu. Misafara kutoka Bagamoyo ilipita bonde la Mkondoa kuelekea Mpwapwa na Unyamwezi. Mwishoni mwa mwaka 1884 Carl Peters alitafuta mikataba yake Usagara, na humo likaota koloni la Wajerumani. Reli ya kati, iliyofika Morogoro mwaka 1907 na Kigoma mwaka 1914, ilipitia Kilosa. Agosti 1916 majeshi ya Jenerali van Deventer yaliingia mji huo, kisha yakawafuata Wajerumani kusini, kupitia Mikumi, hadi Kidodi kwenye Ruaha Mkuu.

Kwa hiyo vita vilivyowazaa wastaafu vilipita mlangoni. Upande wa Wajerumani walikuwapo Wasudani, Wamanyema, Wanyamwezi, Wasukuma na Wangoni. Upande wa Waingereza walikuja askari wa keya (King's African Rifles) na umati wa wapagazi, ambao idadi ya vifo vyao, kwa makadirio ya Geoffrey Hodges, huenda ilikaribia 100,000. Baada ya vita mashamba ya mkonge ya Kimamba na Kilosa yaliwavuta manamba kutoka kila upande wa Tanganyika. Watu waliokuwa wamelengana bunduki wakajikuta katika kambi moja ya kazi, mbali na koo zao. Swali la kwanza la kambi kama hiyo halikuwa nani atatawala. Lilikuwa: nikifa hapa, nani atanizika?

Ushahidi wa utani

Hapa ndipo uzito wa hoja yangu ulipo. Wakaguru, Wasagara, Wavidunda na Waluguru hufuata ukoo wa mama. Mtu hufa akiwa mwana wa ukoo fulani, na ukoo huo una ukoo wa watani. T. O. Beidelman, aliyefanya utafiti kwa Wakaguru wa wilaya hii katika miaka ya 1950, alilieleza jambo hilo kwa kina katika makala yake ya mwaka 1966 juu ya utani na fikra za Wakaguru kuhusu kifo. Wafiwa wameguswa na unajisi wa kifo, kwa hiyo kazi nzito za msiba na utakaso humwangukia mtani. Mtani huyo huyo hutukana, huwachekesha wafiwa, huchukua mali ya marehemu, na hudai malipo. Yeyote aliyehudhuria mazishi mkoani Morogoro anamjua: mtani anayeshuka kaburini na kukataa kutoka mpaka apewe kitu. Hakuna anayekasirika, kwa kuwa haki yake ya kudai imetokana na wajibu wake wa kuzika.

Tuangalie sasa asili ya utani baina ya makabila. R. E. Moreau, aliyekusanya maelezo yake Tanganyika na kuyachapisha mwanzoni mwa miaka ya 1940, alikuta wazee wakirudia sababu moja: makabila haya yalipigana zamani, kisha yakapatana. Hata misafara ya biashara ilisambaza utani, kwani msafiri alihitaji mtu wa kumpokea na kumsitiri ugenini. Vita, safari na kaburi vinakutana katika taasisi moja.

Nikiiweka beni kando ya maelezo hayo, mambo matatu yanalingana. Marini na Arinoti zilitukanana kwa nyimbo hadharani, na kwa kawaida tusi hilo lilikuwa na ruhusa. Mwanachama aliyehamia mji mwingine alipokelewa na wenzake wa chama bila kuulizwa kabila. Mwanachama aliyefariki alizikwa na chama. Kwa mtu aliyelelewa Ukaguru au Usagara, mambo hayo matatu yakiwa pamoja yana jina tayari. Hakuhitaji kufundishwa na pwani kwamba anayekutukana leo anaweza kuwa ndiye atakayekuzika kesho.

Tepe zinaingia wapi? Utani wa ukoo haukuhitaji alama, kwa sababu kila mtu kijijini alijua ukoo wa mwenzake. Katika kambi ya mkonge au kituo cha reli ujuzi huo haukuwapo. Palihitajika kitu kinachoonekana cha kumjulisha mgeni nani anawajibika kwake na kwa kiasi gani. Jeshi lilikwisha kuwapa watu hao alama za namna hiyo: tepe za ombasha, shaushi na soli katika jeshi la Wajerumani, na tepe za keya baadaye. Beni ilizichukua ikazipa kazi mpya. Aliyekuwa na cheo kikubwa alitegemewa kutoa zaidi kwenye karamu na msiba. Jambo lenye uzito zaidi ni kwamba hata mpagazi, ambaye jeshini hakuwa na tepe yoyote, aliweza kuzivaa katika beni ikiwa alikubali kubeba gharama yake.

Pingamizi

Pingamizi kubwa ni kwamba utani ni uhusiano wa walio sawa, wakati beni ni ngazi ya vyeo. Nalikubali nusu. Ni kweli watani hawapangani kwa vyeo, lakini ngazi katika beni ilikuwa ndani ya chama. Baina ya chama na chama usawa ulibaki. Kingi wa Marini hakuwa na amri juu ya Arinoti. Alikuwa na haki ya kuwakejeli na wajibu wa kustahimili kejeli zao, sawasawa na ukoo mmoja mbele ya ukoo mwingine.

Pingamizi la pili ni kwamba kufanana hakuthibitishi asili. Sidai kwamba beni ilizaliwa Kilosa. Nadai kwamba ilipofika bara ilipata mizizi katika udongo uliokwisha kulimwa, na kwamba maelezo yanayouacha utani nje yanatuomba tuamini kwamba watu walijisahau wenyewe mara tu walipovaa sare.

Alama bila wajibu

Hoja hii inagusa namna taifa linavyowaenzi wastaafu wake leo. Sanamu ya askari jijini Dar es Salaam, iliyozinduliwa mwaka 1927, inamwonyesha mtu mmoja mwenye bunduki, ingawa waliokufa zaidi walikuwa wapagazi. Kila tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, huwekwa mkuki na ngao, sime, upinde na mishale, pamoja na shoka linalowekwa na kiongozi wa wanajeshi wastaafu. Ni mila yenye heshima, nami naiheshimu. Lakini alama nilizozitaja zote ni za silaha. Hakuna inayokumbusha aliyembeba majeruhi au aliyechimba kaburi.

Serikali humtambua mstaafu kwa hati, na hati hupotea. Katika miaka ya 1960, Ujerumani Magharibi ilipoamua kuwalipa waliosalia miongoni mwa askari wa zamani wa jeshi la Wajerumani, inasimuliwa kwamba huko Mwanza wengi hawakuwa na karatasi, wakapewa ufagio na kuamriwa kwa Kijerumani waonyeshe mazoezi ya bunduki. Kisa hicho husimuliwa kusifu nidhamu yao. Mimi nakisoma kwa uchungu: mzee aliyetumikia ujana wake analazimika kuthibitisha utu wake kwa gwaride. Udugu uliojengwa juu ya kuzikana haumpi mzee mtihani wa namna hiyo, kwa sababu wanaomjua ndio wanaowajibika kwake.

Leo Mikumi ni njia panda ya barabara ya Iringa na ile ya Ifakara, na wakazi wake wametoka kila pembe ya nchi. Wamo wastaafu wa jeshi, kama walivyo Kilosa mjini na katika mashamba ya miwa ya Kidodi. Maofisa utamaduni wa wilaya na vyama vya wastaafu wanapaswa kuandika mila za msiba za watu hawa sasa: nani humzika nani, nani hudai nini, na kwa haki gani. Kumbukumbu hizo zitatufaa kuliko orodha yoyote ya nishani. Naamini pia zitaonyesha kwamba udugu wa silaha nchini mwetu, tangu beni hadi vyama vya leo, umedumu kwa nguvu ya utani zaidi ya nguvu ya amri. Kama hoja hiyo itasimama nje ya Kilosa, basi historia ya jeshi la Tanzania itabidi ianzie kwa watani waliozikana, muda mrefu kabla ya kambi ya kwanza kujengwa.