Mkono Hukumbuka Ulichorudia: Uhalisia Pepe, Mafunzo ya Tiba na Pwani ya Kaskazini ya Cabo Delgado

Ikisiri

Makala haya yanajadili matumizi ya uhalisia pepe katika kuwafundisha watumishi wa afya na kuwahudumia wagonjwa, kwa kuiangalia pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado nchini Msumbiji, kutoka Macomia hadi mto Ruvuma. Hoja yake ni kwamba thamani ya miwani ya uhalisia pepe hutegemea mambo matatu: zoezi linarudiwa mara ngapi, linafanyika wapi, na linafanyika kwa lugha gani. Ushahidi kutoka Tanzania, Kenya, Zambia na Uganda unatumika kuonyesha kazi ambayo miwani hiyo inaiweza, na kazi ambayo bado inahitaji mwanasesere wa mafunzo, dawa na mazungumzo ya ana kwa ana.

1. Utangulizi

Tarehe 5 Oktoba 2017 wapiganaji walivamia vituo vya polisi mjini Mocímboa da Praia, na hapo vikaanza vita vilivyoipindua pwani yote. Tarehe 25 Aprili 2019 kimbunga Kenneth kikapiga pwani hiyohiyo. Agosti 2020 Mocímboa da Praia ikatekwa, ikabaki mikononi mwa wapiganaji kwa mwaka mzima hadi majeshi ya Msumbiji na Rwanda yalipoukomboa mji Agosti 2021. Kabla ya ukombozi huo, tarehe 24 Machi 2021, Palma nayo ilikuwa imevamiwa. Kufikia mwaka 2022 watu wapatao milioni moja walikuwa wameyahama makazi yao. Vituo vingi vya afya viliporwa au kuchomwa moto, na vingine vilibaki na kuta tu, kwa sababu wauguzi walikimbia pamoja na wagonjwa wao.

Kuta hujengwa upya kwa saruji na fedha. Ustadi wa mhudumu una kanuni nyingine: usipotumika hupungua, na mwenye nao akihama huondoka nao. Kitivo cha tiba kilicho karibu zaidi na pwani hii kiko Nampula, katika Chuo Kikuu cha Lúrio. Maputo iko umbali wa zaidi ya kilomita 2,000 kwa barabara kutoka Pemba, makao makuu ya Cabo Delgado. Mkunga wa wilayani akiitwa kozi ya wiki mbili, wodi yake hubaki bila mtu, na safari yenyewe, katika miaka ya vita, imekuwa hatari kwa maisha yake. Ndiyo maana wazo la kuyapeleka mafunzo kwa mhudumu, badala ya kumsafirisha mhudumu kuyafuata, linavutia zaidi hapa kuliko Lisbon au Seattle. Swali la makala haya ni kama uhalisia pepe unaweza kuibeba kazi hiyo.

2. Kujifunza kwa kuigiza si jambo geni

Uhalisia pepe ni mazingira yaliyotengenezwa kwa kompyuta ambayo mtu huyaona na kuyasikia kupitia miwani maalumu inayofunika macho. Akigeuza kichwa, mandhari hugeuka naye. Akinyoosha mkono wenye kishikio, anaona mkono wa kuchora ukishika vifaa. Ivan Sutherland alitengeneza kifaa cha kwanza cha kuvaliwa kichwani cha aina hiyo nchini Marekani mwaka 1968. Kifaa hicho kilikuwa kizito mno hata ikabidi kining'inizwe darini. Leo miwani ya namna hiyo huingia ndani ya mkoba.

Kifaa ni kipya, lakini njia ya kufundisha ni kongwe kwetu. Katika unyago na jando, kutoka Tanga hadi uwanda wa Mueda, mwali hafundishwi kwa maelezo matupu. Huonyeshwa, huigiza, huimba, kisha hurudia mpaka jambo limkae. Hans Cory, katika kitabu chake cha mwaka 1956, aliandika juu ya vinyago vya udongo vilivyotumika kwenye mafunzo ya jando na unyago katika Tanganyika: kila kinyago kilikuwa na wimbo wake na fundisho lake. Makungwi walijua kwamba mtu akiigiza tukio kabla halijamfika, siku litakapomfika halitamkuta mgeni. Msingi wa mafunzo ya kitabibu kwa njia ya kuigiza ni huohuo.

3. Ushahidi: kichwa na mkono

Mwaka 2002 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale walichapisha jaribio lililofungua mjadala huu. Madaktari 16 waliokuwa wakisomea upasuaji waligawanywa makundi mawili, na kundi moja likafanya mazoezi kwenye mtambo wa uhalisia pepe kabla ya kutoa kifuko cha nyongo kwa njia ya matundu. Waliozoezwa walimaliza kukitenganisha kifuko kwa muda pungufu wa asilimia 29. Wale ambao hawakuzoezwa walikuwa na uwezekano mara tano zaidi wa kukijeruhi kifuko au kuunguza sehemu isiyohusika. Karibu zaidi na sisi, utafiti uliochapishwa mwaka 2019 ulitumia vifaa vya bei nafuu jijini Lusaka kuwazoeza wapasuaji wachanga operesheni ya kutoa kizazi chenye saratani ya mlango wa kizazi, na ustadi wao uliongezeka kadiri walivyorudia.

Hata hivyo, kwa mama wa Palma anayejifungua usiku, kipimo cha kwanza ni dakika moja baada ya mtoto kutoka. Watoto wachanga karibu mmoja kati ya kumi huhitaji kusaidiwa waanze kupumua. Mkunga humkausha mtoto na kumsugua mgongo. Asipolia, mkunga humlaza chali, kichwa kikiwa sawa, na kuweka barakoa ndogo juu ya pua na mdomo. Kidole gumba na cha shahada huizunguka barakoa, na vidole vitatu vilivyobaki huinua taya. Mkono wa pili huubinya mfuko wa hewa, pumzi kama 40 kwa dakika, huku macho yakikitazama kifua. Kifua kisipoinuka, hewa inavuja pembeni. Uvujaji huo mkunga huuhisi kwenye vidole kabla hajauona.

Hapo ndipo miwani inapofikia ukomo wake. Ndani ya uhalisia pepe, mkunga hubonyeza kitufe na barakoa hukaa pale inapotakiwa. Shavu laini la mtoto halipo, uteute haupo, na hewa haivuji. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 uliwafuatilia wauguzi na wakunga wa Lagos, Nigeria, na wa Busia, Kenya. Wote walianza na kozi ya kawaida ya kumsaidia mtoto apumue. Baadaye baadhi yao wakapewa mazoezi ya uhalisia pepe kwenye simu, wengine video, na wengine mwongozo wa kidijitali pekee. Baada ya miezi sita, katika ustadi wa mfuko na barakoa, tofauti kati ya makundi haikuwa ya maana kitakwimu.

Matokeo hayo hayaufuti uhalisia pepe. Yanatuonyesha mahali pa kuuweka. Kufikiri kwa mpangilio ni kazi ya kichwa: nini kianze, nini kifuate, lini niombe msaada, lini nimpe mgonjwa rufaa. Kichwa hujifunza vizuri ndani ya miwani, hasa kwa dharura ambazo mhudumu wa kituo kidogo anaweza kukaa miezi mingi bila kukutana nazo, kama kifafa cha mimba. Mkono nao hudai kitu cha kushika. Mwanasesere mwenye kifua kinachoinuka humfundisha mkunga jambo ambalo hakuna picha, hata ikiwa nzuri namna gani, inayoweza kumfundisha.

4. Funzo la Haydom

Iko hospitali moja nchini Tanzania ambayo historia yake ya karibuni ingepaswa kusomwa na kila anayetaka kupeleka teknolojia ya mafunzo Cabo Delgado. Ni Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, mkoani Manyara. Mwaka 2010 watumishi wake walipewa kozi ya siku moja ya kumsaidia mtoto mchanga apumue. Miezi saba baadaye walipimwa kwa wanasesere, wakafanya vizuri zaidi kuliko mwanzo. Lakini watafiti walipoangalia wodini, kwa watoto halisi, huduma ilikuwa haijabadilika.

Haydom hawakuikimbia aibu hiyo. Waliweka mwanasesere palepale kwenye wodi ya wazazi, na watumishi wakawa wanafanya zoezi fupi la dakika chache kila mara, kazini kwao, na wenzao wa kila siku. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015 yalionyesha kuwa vifo vya watoto ndani ya saa 24 za mwanzo vilishuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000. Haba na haba ilijaza kibaba. Mpango mkubwa uliozaliwa na uzoefu huo, uliofanyika katika hospitali 30 za mikoa mitano ya Tanzania na kuchapishwa mwaka 2025, ulishusha vifo vya karibu na kuzaliwa kutoka 15.3 hadi 12.5 kwa kila 1,000. Wanasesere na vifaa bora vilikuwa sehemu ya mpango huo, pamoja na watumishi wa hospitali zenyewe waliosimamia mazoezi ya wenzao.

Funzo hili linaihusu miwani moja kwa moja. Miwani inayoletwa Pemba na mgeni, ikavaliwa siku mbili, ikapigwa picha na kurudishwa kwenye sanduku, ni kozi ya siku moja kwa sura nyingine. Miwani inayokaa Mocímboa da Praia au Mueda, karibu na mwanasesere, chini ya mkunga mwenye jukumu la zoezi la kila wiki, ni jambo tofauti kabisa.

5. Nani avae miwani hiyo?

Msumbiji tayari ina jibu ambalo nchi nyingi hazina. Baada ya uhuru wa mwaka 1975, madaktari wengi Wareno waliondoka. Kuanzia mwaka 1984 serikali ikawa inawafundisha upasuaji watumishi wasio madaktari, wanaoitwa *técnicos de cirurgia*, kwa miaka mitatu. Utafiti wa takwimu za mwaka 2002 ulionyesha kuwa katika hospitali za wilaya wao ndio waliofanya asilimia 92 ya operesheni kubwa za uzazi. Miaka saba baada ya kuhitimu, asilimia 88 ya waliopangiwa wilayani walikuwa bado wapo; kati ya madaktari waliofuatiliwa hakuna hata mmoja aliyebaki.

Kwa hiyo, kama kuna fedha za miwani kumi, zisianzie kwenye kitivo kilicho mjini. Zianze kwa mpasuaji wa wilaya, ambaye hana profesa chumba cha pili wa kumuuliza, na kwa mkunga anayefanya kazi peke yake usiku. Hao ndio waliobaki, na ustadi utakaowafikia utabaki nao.

Lugha nayo ni sehemu ya mafunzo. Kireno ndiyo lugha ya serikali, lakini pwani hii inazungumza Kimwani, Kiswahili kikisikika zaidi kadiri unavyokaribia Ruvuma, na Kimakonde na Kimakhuwa vikiwa majirani wa kila siku. Mgonjwa wa ndani ya miwani anayelia kwa Kiingereza anamzoeza mkunga kumhudumia mama ambaye hatamwona maishani. Mama huyo wa kuchora akisema kwa Kiswahili cha Palma au kwa Kimwani kwamba anaona giza na damu haikatiki, mkunga atajifunza pia kusikiliza. Kutafsiri na kurekodi sauti hizo hakuhitaji mtambo ghali. Kunahitaji wakunga wa hapa washirikishwe tangu siku ya kwanza ya kuandika mchezo wa mafunzo hayo.

6. Miwani usoni mwa mgonjwa

Matumizi ya pili ni kwa wagonjwa wenyewe. Huko Seattle, Hunter Hoffman na wenzake walitengeneza dunia ya theluji na barafu kwa ajili ya wagonjwa walioungua. Wakati muuguzi anasafisha kidonda, mgonjwa anarusha madonge ya theluji ndani ya miwani, na maumivu anayoyahisi hupungua, kwa sababu maumivu hudai usikivu wa akili na akili imekwenda kwingine. Mtoto aliyemwagikiwa maji ya moto hubadilishwa bandeji mara nyingi, na kila mara hulia kabla hata hajaguswa. Kumpunguzia hofu hiyo ni tiba. Lakini lazima isemwe wazi: katika tafiti hizo miwani iliongezwa juu ya dawa za maumivu. Wodi isiyo na dawa hizo haina haki ya kuonyesha miwani kama mbadala wake.

Kuhusu majeraha ya nafsi, tahadhari iwe kubwa zaidi. Marekani, tangu miaka ya 1990, Barbara Rothbaum na wenzake waliwarudisha wanajeshi wa zamani wa Vietnam kwenye mandhari ya vita kwa njia ya uhalisia pepe, chini ya uangalizi wa mtaalamu, ili hofu ipungue nguvu. Mwanajeshi huyo alikuwa amekwisha kurudi nyumbani. Mama aliyekimbia Palma anaweza kusikia milio halisi ya risasi wiki ijayo; kumwonyesha kijiji kinachowaka ndani ya miwani ni ukatili. Mfano unaomfaa uko Nakivale, Uganda. Utafiti wa mwaka 2008 ulionyesha kuwa wakimbizi wa Rwanda na Somalia walipata nafuu kwa kusimulia maisha yao, hatua kwa hatua, mbele ya washauri waliofundishwa kutoka miongoni mwa wakimbizi wenyewe. Hapo kilichohitajika ni mtu wa kusikiliza, muda na lugha.

Liko pia suala la imani. Mwanasosholojia Carlos Serra, katika kitabu chake cha mwaka 2003, alichambua jinsi watu wa kaskazini mwa Msumbiji walivyowashuku waliotia klorini kwenye visima kuwa wanaleta kipindupindu, na wahudumu wakashambuliwa. Hakuwaita wajinga, alionyesha kuwa shaka hiyo ilikuwa lugha ya watu waliohisi kutelekezwa. Mahali penye kumbukumbu hiyo, kumfunika mgonjwa macho kwa chombo cheusi bila kumweleza na kupata ridhaa ya jamaa zake ni kutafuta balaa. Na usafi usisahaulike: mwanzoni mwa 2024 ugonjwa wa macho mekundu ulienea Dar es Salaam na kaskazini mwa Msumbiji. Miwani inayopita uso hadi uso bila kufutwa kwa dawa huueneza.

7. Hitimisho

Ushahidi unatupa mpangilio. Kwanza mwanasesere, mfuko na barakoa katika kila wodi ya wazazi, na zoezi la dakika chache kila wiki. Pili, miwani kwa wapasuaji na wakunga wa wilaya, ikiwa na mazoezi yasiyotegemea intaneti, inayochajiwa kwa umeme wa jua, na inayozungumza lugha za pwani. Tatu, miwani kwa wagonjwa walioungua, palipo na dawa za maumivu. Kwa waliojeruhiwa nafsi, waanze wasikilizaji waliofundishwa.

Wafadhili na wizara watakaopima mradi wa namna hii wasiulize miwani mingapi imegawiwa. Waulize ni wakunga wangapi wa Palma, Mocímboa da Praia na Macomia wamefanya zoezi wiki iliyopita, na ni watoto wangapi waliozaliwa bila kupumua wameondoka wodini wakinyonya.