Kabla ya Kunywa Dawa ya Chupa, Uliza Maswali Haya Matano

Mwaka jana shangazi yangu, mkazi wa Likoni, aliweka tembe zake za sukari kabatini akaanza kunywa dawa ya mitishamba. Ilikuwa chupa ya lita moja, haina jina la mtengenezaji wala tarehe. Aliyemuuzia alimwambia, "Mama, ukichanganya na dawa za hospitali, hii haitafanya kazi." Wiki tatu baadaye tulimbeba usiku, anahema, koo limemkauka, hajitambui. Kipimo cha sukari kilisoma 29. Alilazwa siku tisa.

Mimi si daktari, wala siandiki kuwatukana waganga. Nimekulia nyumba yenye mwarobaini uani. Lakini tangu usiku ule nina maswali matano ninayouliza kila ninapoletewa habari ya dawa, iwe sokoni, kwenye redio au kwenye simu.

La kwanza: inatibu maradhi mangapi? Sukari, saratani, pumu na Ukimwi vina vyanzo tofauti. Dawa inayodai kuvimaliza vyote inahitaji ushahidi mkubwa sana. Tukumbuke Loliondo. Mwaka 2011 maelfu ya watu, Wakenya wakiwemo, walimiminika kijiji cha Samunge, Tanzania, kunywa kikombe cha mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile kwa shilingi 500 za huko. Kikombe kilisemwa kutibu maradhi hayo yote. Wapo wagonjwa waliofia kwenye foleni, na wapo walioacha dawa za kupunguza makali ya virusi. Uthibitisho kwamba kikombe kile kilitibu Ukimwi haukupatikana.

La pili: ushahidi ni upi? Ushuhuda wa jirani hautoshi. Aliyepata nafuu husimulia, aliyefariki hana mdomo. Tena maradhi mengine hupoa yenyewe, na mtu hushukuru chochote alichokunywa siku ile. Ndiyo maana watafiti hugawa wagonjwa makundi mawili, moja likapewa dawa na jingine kitu kinachofanana nayo, bila wagonjwa kujua nani kapata kipi, kisha wakalinganisha.

Kipimo hiki ni cha wote, hata wenye makoti meupe. Mwaka 1990 hapa kwetu Kenya ilitangazwa dawa ya Ukimwi iitwayo Kemron, kwa shangwe na baraka za serikali. Ilipojaribiwa kwa utaratibu huo, haikuonyesha faida iliyotarajiwa. Kumbe hata maabara huweza kukosea. Tofauti ni kwamba kosa lake lilipimwa likajulikana.

La tatu: ndani mna nini, na kwa kiasi gani? "Ni ya asili" si jibu; sumu nyingi pia ni za asili. Mitishamba kweli ina dawa. Artemisinini, msingi wa dawa za malaria tunazopewa leo, ilitoka kwenye mmea wa jamii ya pakanga. Tu Youyou wa Uchina aliyeongoza kazi hiyo alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Lakini mmea ule ulichujwa, ukapimwa, na kipimo cha kila mgonjwa kikajulikana. Kwenye chupa ya shangazi hakuna aliyejua kijiko kimoja kina nini. Zimewahi kukamatwa dawa za "asili", hasa za nguvu za kiume, zilizotiwa kwa siri unga wa dawa za viwandani.

La nne: nani anafaidika? Anayekueleza ugonjwa wako ndiye huyo huyo anayekuuzia tiba? Basi tafuta sikio la pili. Muulize mfamasia kama dawa imesajiliwa na Bodi ya Dawa na Sumu. Beba chupa yenyewe hadi kliniki, usione haya. Mhudumu akijua unachokunywa atakusaidia zaidi, kwa sababu mitishamba mingine hushusha sukari, na ukiongeza tembe juu yake unaweza kuzimia.

La tano, ambalo kwangu ndilo kubwa: unaambiwa uache dawa zako? Hapo simama. Kilichomwangusha shangazi huenda hakikuwa ile chupa. Huenda zilikuwa zile tembe zilizokaa kabatini wiki tatu. Mwenye sukari, presha, kifafa au virusi vya Ukimwi asiache dawa kabla ya kuzungumza na daktari wake, hata akijisikia mzima. Mara nyingi anajisikia mzima kwa sababu anazimeza.

Siku hizi muuzaji akibisha hodi kwa shangazi, yeye huanza na swali la tano. Anasema wengi wao hukumbuka ghafla kwamba wana safari.