Dagaa wa Kasingirima na Historia ya Fasili za Kamusi
Leksikografia ya Kiswahili ilianzia pwani. Kamusi ya Krapf, iliyochapishwa mwaka 1882, ilijengwa hasa juu ya Kimvita. Mwaka 1928, mkutano wa Mombasa ukateua Kiunguja kuwa msingi wa usanifishaji. Athari za historia hiyo hudhihirika katika kulifasili neno *dagaa*. Tukisema ni "samaki wadogo wa baharini", tunamwacha nje mzungumzaji wa Kasingirima, Ujiji, ambaye dagaa wake ni wa maji baridi. Tukisema ni "samaki wachanga", tunapotosha zaidi: dagaa wa Ziwa Tanganyika, *Stolothrissa tanganicae* na *Limnothrissa miodon*, hutaga wakiwa na udogo huohuo. Ukoo nao hautoshi, kwani dagaa wa Ziwa Viktoria, *Rastrineobola argentea*, ni wa ukoo mwingine kabisa. Kinachowaunganisha ni matumizi. Kwa hiyo tunapendekeza: "samaki wadogo sana wa baharini au ziwani, wa spishi mbalimbali, ambao aghalabu huvuliwa usiku kwa taa, huanikwa na huliwa wazima". Fasili hiyo ni ndefu kidogo, lakini mvuvi wa Unguja na wa Ujiji wote watalitambua neno lao.