Rangi ya ngozi kwenye telefone: ilitoka wapi, na kwa nini inatugeuza majivu



Leo siwaletei habari za barabara wala za bei ya unga. Nina deni la swali moja, na kulilipa kumenichukua muda.

Kunako mwezi wa 8 mwaka 2024 nilikuwa katika kambi ya Bulengo, magharibi ya Goma, kwa ajili ya habari ya maji. Pembeni ya kibanda ambapo watu wanachajisha simu alikuwa kijana wa miaka 17 hivi, kutoka upande wa Masisi, na telefone yenye kioo kilichopasuka. Alikuwa anachora kwa kidole. Nilimtambua mara moja Naruto, yule kijana wa katuni za Kijapani, ila Naruto huyu alikuwa anasukuma chukudu yenye magunia ya makala, na chini ya magurudumu kulikuwa mawe meusi ya volkano, yale yale tunayojikwaa nayo kila siku. Juu ya magunia ameketi msichana mdogo.

Naruto alikuwa amekamilika, nywele njano, nguo ya rangi ya chungwa. Msichana ndiye aliyemshinda. Uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyepakwa majivu.

"Yaya, juu ya nini ngozi ya Naruto inatoka muzuri na ya mudogo wangu inageuka majivu? Nilifanya vile vile."

Ndipo akanieleza. Yule ni dada yake. Walipotezana njiani mwezi wa 2, watu walipokuwa wanakimbia Sake. Picha yake hawana hata moja. Mama yao alikuwa ameangalia mchoro akasema huyu simjui.

Mimi ni mtu wa redio, rangi sizijui. Nilimwambia nitauliza. Nimeuliza, nimesoma, na jibu limeanzia mbali kuliko nilivyofikiri.

Nianze na sanduku langu mwenyewe. Nilipokuwa shule ya msingi nilikuwa na krayo za rangi 12, na moja kati yake, ile ya waridi hafifu, sote tuliiita krayo ya ngozi. Darasa lilikuwa na watoto hamsini na kitu na hakuna hata mmoja aliyekuwa na ngozi ile, lakini hakuna aliyeona ajabu. Nilimpaka nayo Sangoku kwenye kaye nzima. (Kaye hiyo iliondoka pamoja na nyumba yetu tarehe 17 mwezi wa 1 mwaka 2002, lava ya Nyiragongo ilipopita mjini, kwa hiyo hakuna atakayenicheka.) Jina hilo la krayo hatukulibuni sisi. Huko Marekani kampuni ya Crayola iliuza krayo iliyoandikwa "ngozi" kwa lugha yao, nayo ilikuwa ya waridi hivyo hivyo. Ni mwaka 1962 tu walipoibadilisha jina wakaiita rangi ya tunda la pichi.

Kwenye vitabu vya katuni jambo hilo lilikuwa limefungwa ndani ya mashine yenyewe. Katuni za Marekani za zamani zilichapishwa kwa wino nne: buluu, nyekundu ya waridi, njano na nyeusi. Nyeusi ilikuwa ya mistari. Zile tatu nyingine zilitumika kwa nguvu tatu, robo, nusu au zima, ama zikaachwa kabisa. Ukipiga hesabu unapata rangi 64, basi. Mpaka rangi alitia rangi kwenye nakala ya mchoro, akaandika alama pembeni ya kila sehemu, na wafanyakazi wengine, wengi wao wanawake, wakatengeneza sahani za kuchapa kufuatana na alama hizo. Ngozi ya mzungu ilikuwa na alama yake inayojulikana na kila mtu: njano kidogo, nyekundu kidogo. Ngozi nyeusi ilitafutwa ndani ya rangi zilizobaki, na mara nyingi ilitoka ya kijivu au kama tope.

Mwaka 1963 kampuni ya Marvel ilitoa kitabu cha kwanza cha Sajini Fury na askari wake. Kati ya askari hao alikuwamo Gabe Jones, mpiga tarumbeta, mtu mweusi. Kitabu kilipotoka kiwandani, Gabe Jones alikuwa amepakwa rangi ya mzungu. Stan Lee, aliyekiandika, alieleza baadaye kwamba watu wa kiwanda walidhani rangi waliyoandikiwa ni makosa, wakaisahihisha, hata ikabidi awatumie maelezo marefu. Sioni kwamba walifanya kwa ubaya. Walijua tu ngozi ni alama gani.

Hapa kwetu tulianza kwa kuchorwa na wengine. Hergé, Mbelgiji, alimleta Tintin Kongo katika gazeti la watoto mwaka 1930 na 1931, kwa nyeusi na nyeupe. Mwaka 1946 kitabu kilichorwa upya na kutiwa rangi. Somo ambamo Tintin aliwafundisha watoto wetu kwamba nchi yao ni Ubelgiji liligeuzwa kuwa somo la hesabu. Nyuso za Wakongomani zilibaki zile zile za kuchekesha wazungu, ila sasa zikiwa na rangi.

Lakini katika mambo yale ya Wabelgiji kuna fundisho moja la kazi ambalo kijana wa Bulengo analitumia bila kujua. Mpaka rangi wao hakugusa mchoro wenyewe. Mistari myeusi iliwekwa kwenye karatasi ya plastiki inayopitisha mwanga. Mchoro ule ule ulichapwa kwa buluu hafifu kwenye karatasi nyingine, na hapo ndipo rangi ilipotiwa kwa burashi. Kisha plastiki ikalazwa juu yake. Ukikosea rangi, mstari umepona. Wajapani, na Wamarekani kabla yao, walifanya kitu cha ukoo mmoja katika filamu za katuni: mstari upande wa mbele wa plastiki, rangi upande wa nyuma. Dragon Ball Z, tuliyoitazama tumebanana kwenye sinema ya video ya mtaani, ilitengenezwa hivyo, plastiki moja moja kwa mkono.

Basi mnaona tabaka zilitoka wapi. Programu ya Photoshop ilitoka mwaka 1990, kazi ya ndugu wawili, Thomas na John Knoll, lakini tabaka zilingoja toleo la 3 la mwaka 1994. Kabla ya hapo, ulichopaka kilikuwa kimepakwa. Watu wa katuni hawakuwa wamengoja: mwaka 1988 Steve Oliff alikwisha kuanza kupaka kwa kompyuta toleo la Marekani la Akira, katuni ya Mjapani Katsuhiro Otomo. Walt Disney wakatoa filamu nzima iliyopakwa kwa kompyuta mwaka 1990. Studio Ghibli ya Japani ikafanya hivyo mwaka 1999. Naruto alipoingia kwenye televisheni ya kwao mwaka 2002, plastiki zilikuwa karibu zimekwisha. Zilikuja pia GIMP na Krita, zote za bure, na kunako 2011 ibisPaint ikashuka kwenye simu. Hiyo ndiyo ilikuwa kwenye telefone ya kijana wetu.

Kuna watakaosema kijana anaiga tu, anachora mtu wa wenzake. Ni kweli anaiga. Huko Japani kwenyewe wapenzi wa katuni wamekuwa wakikutana Tokyo tangu mwezi wa 12 mwaka 1975 kuuziana vitabu vyao wenyewe, na michoro ya kuiga imejaa humo. Na hapa Kongo nani alijifunza namna nyingine? Chéri Samba alianza kwa kuchora mabango ya matangazo Kinshasa. Tshibumba Kanda-Matulu alipaka historia ya nchi hii katika michoro zaidi ya 100 kule Lubumbashi, mwaka 1973 na 1974, kwenye vitambaa vya magunia ya unga, na kuieleza kwa Kiswahili cha kwao. Papa Mfumu'eto, kuanzia miaka ya 1990, aliwauzia watu wa Kinshasa katuni zake za Kilingala za nyeusi na nyeupe, maana rangi ni pesa. Barly Baruti, mzaliwa wa Kisangani, mwaka 2014 alitoa pamoja na Christophe Cassiau-Haurie kitabu Madame Livingstone, kuhusu vita ya kwanza ya dunia upande wa Ziwa Tanganyika, ambamo mtu mmoja chotara anadai ni mwana wa Livingstone. Katika hadithi ya namna hiyo, anayekosea rangi ya ngozi ameharibu hadithi yenyewe.

Sasa turudi kwenye majivu.

Kijana alijifunza kwa video. Ananunua mega kidogo, anatazama dakika chache, anafunga, anajaribu. Video zote alizopata zilikuwa za watu wanaopaka ngozi nyeupe. Walimfundisha hivi: weka rangi ya ngozi, kisha chukua zambarau ya kijivu, iliyo hafifu, uipitishe mahali penye kivuli. Kwa Naruto inafaa, maana zambarau ile ni nyeusi kuliko ngozi yake, na jicho linasema hapa kuna kivuli. Kwa dada yake, zambarau ile ile ni nyeupe kuliko ngozi. Inakaa juu yake kama vumbi. Hakukosea hatua hata moja. Alifuata maelezo yaliyoandikiwa uso mwingine.

Mchoraji mmoja wa hapa mjini, anayeishi kwa kupaka vibao vya maduka, ndiye aliyenifungulia jambo hili. Akaniambia kuna hali ya tabaka inayoitwa kuzidisha, ambayo kwa Kifaransa mara nyingi imeandikwa produit. Humo rangi ya juu haifuniki ya chini, zinazidishwa kama hesabu. Tuseme nyeupe kabisa ni 1 na nyeusi kabisa ni 0. Matokeo hayawezi kuwa meupe kuliko ngozi uliyoanza nayo, kwa hiyo majivu yanakwisha. Lakini angalia: ngozi ya 0.9 ukiizidisha kwa kivuli cha 0.5 unapata 0.45, bado uso unaonekana. Ngozi ya 0.4 kwa kivuli hicho hicho inatoa 0.20, na hapo pua na mdomo vimezama gizani. Kivuli cha ngozi yetu kinataka rangi isiyo nzito, na yenye joto: nyekundu ya divai, kahawia yenye wekundu. Kijivu kinaua damu.

Tena, alisema, kwenye ngozi nyeusi umbo la uso linaletwa na mwanga kuliko kivuli. Tazama mtu amesimama nje saa nne asubuhi: paji la uso, mfupa wa shavu, ncha ya pua, vinang'aa, na mng'ao wenyewe una buluu ya mbingu ndani yake. Usipake nyeupe tupu. Na mstari wa kuzunguka uso usiwe mweusi kabisa, utapotea. Uwe wa kahawia nzito. Ngozi yenyewe usiichague kwenye orodha ya programu. Muangalie mtu wa nyumba yenu aliyefanana naye, mchana, mbali na taa.

Nilimtumia kijana haya yote kwa sauti kwenye WhatsApp, vipande sita. Akajibu kwamba telefone yake ina memori ndogo na haimpi tabaka nyingi. Nilirudi kwa yule mchoraji. Akacheka, akasema punguza ukubwa wa karatasi, na ukimaliza nguo unganisha tabaka zake ziwe moja.

Mwanzoni mwa mwaka 2025 kambi za pembeni ya Goma zilivunjwa, Bulengo pamoja nazo, na watu wakatawanyika, wengine kurudi walikotoka, wengine kwa jamaa. Kwa wanaotafuta watoto waliopotezana nao njiani, tunarudia kama kila mara: mkaandikishe majina kwa Msalaba Mwekundu, hata kama mmekwisha kuandikisha mahali pengine. Familia hii imeandikisha.

Miezi kadhaa sikumsikia. Kisha siku moja picha ikaingia, chukudu ile ile, magunia yale yale. Alikuwa ameanza na mkono wa mama yake, akaulinganisha na kioo cha simu juani. Msichana alikuwa wa kahawia yenye wekundu, na kwenye shavu la kushoto kulikuwa kidoa kidogo cha buluu. Chini yake kijana aliandika:

"Mama anasema sasa ni yeye. Ila masikio, anasema yalikuwa madogo zaidi. Niko natengeneza."