Kipande Shingoni

Twasoma katika Biblia ya kwamba mfalme Daudi alimtuma Yoabu kuwahesabu watu. Yoabu aliporudi alileta idadi ya wanaume wawezao kupigana vita. Wajane, wazee na watoto hawakutajwa, maana mfalme alitaka askari. Basi ukitaka kuijua nia ya mtawala, tazama anauliza nini anapowaandika watu.

Hapa Kenya wazee wetu walilijua jambo hili kwa jina la kipande. Sheria yake ilitungwa mwaka 1915, ikaanza kutumika baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Kila mwanamume Mwafrika aliyetimiza miaka 16 aliandikwa, akachukuliwa alama za vidole. Karatasi yake ilitiwa ndani ya kikopo cha bati, naye akakivaa shingoni kwa kamba. Wengine walikifananisha na kengele ya mbuzi.

Je, karatasi ile ilitaka kujua nini? Hasa ilitaka kujua kazi: amefanya kwa nani, tangu lini hata lini, kwa mshahara gani. Mwajiri mpya aliusoma mshahara wa zamani, asione haja ya kuuongeza. Aliyeondoka shambani kabla bwana wake hajatia sahihi alitafutwa kama mtoro, na vidole vyake vilimshtaki hata akibadili jina. Wazungu na Wahindi hawakuvaa kipande.

Harry Thuku alikipinga, akakamatwa Machi 1922. Watu walipokusanyika Nairobi kudai afunguliwe, walipigwa risasi. Mary Muthoni Nyanjiru alikuwa miongoni mwa waliokufa. Ilipita miaka 25 ndipo mwaka 1947 ikatungwa sheria ya kuwaandikisha watu wa rangi zote.

Hatusemi kwamba kuandikwa ni kubaya. Asiyeandikwa hupata taabu hospitalini, na siku ya kura hurudishwa nyumbani. Tena serikali isiyojua idadi ya watoto itajengaje shule za kuwatosha? Lakini daftari lile lile linaloweza kumtunza mtu laweza pia kumfunga kamba shingoni.

Nasi kanisani tunayo madaftari yetu, ya ubatizo, ya ndoa na ya sadaka. Juma hili tuyafungue, tukajiulize: jina la mjane tumeliandika ili tujue haja yake, au ili tujue deni lake?